Nimepigwa faini ya taka ambazo halmashauri yenyewe haikuja kuzoa. Kisheria nani mkosaji?

#1 Kibaraza Chekundu

Wakuu, salaam.

Mtaani kwetu kila kaya inalipa elfu tatu ya taka kwa mwezi. Risiti inatoka kwenye mashine ya halmashauri, siyo kikaratasi cha mtu. Mwezi uliopita gari la taka halikuonekana kabisa. Viroba vimerundikana nje ya geti, mbwa wanachana, nzi wamehamia jikoni. Juzi kaja bwana afya na mgambo wawili, hakuuliza kitu, kaniandikia faini ya elfu hamsini kwa kurundika taka mahali pasiporuhusiwa. Nikamwambia bwana, hizi taka ni zenu, mimi nimeshazilipia. Akacheka: "Hayo kaongee na mkurugenzi."

Sijaja kulia hapa. Nataka kujua kitu kimoja: kuzoa taka ni wajibu wa halmashauri kisheria, au ni hisani wanayotufanyia siku wakijisikia? Na kama ni wajibu, mbona mwenye wajibu hapigwi faini?

#2 Jicho la Paka

Nimekaa pale, nasubiri wanasheria.

#3 Guta Namba Tisa

Lipa tu mkuu. Ukibishana na mgambo unaondoka na faini na ngeu juu.

#4 Wakili wa Kata

Pole ndugu Kibaraza.

Siyo hisani. Tanzania Bara halmashauri za miji, manispaa na majiji zinaendeshwa na sheria iitwayo Sura 288, za wilaya na Sura 287, zote za mwaka 1982. Humo kuna majukumu ambayo halmashauri haina hiari nayo, na kuna orodha ndefu ya mambo ambayo imeruhusiwa kuyafanya ikiwa na uwezo. Bustani ya kupumzikia au ukumbi wa sherehe viko kwenye ile orodha ya ruhusa. Usafi wa mji na kuondoa kero zinazohatarisha afya viko kwenye majukumu. Ongeza Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, ambayo imezitaja serikali za mitaa waziwazi kwenye udhibiti wa taka ngumu, na Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009. Katiba yenyewe, Ibara ya 145 na 146, ndiyo inayoziweka hizi mamlaka.

Sasa sehemu ambayo hutaipenda. Sheria hizo hizo zinambana na mkaaji wa nyumba: usiweke taka zikawa kero kwa wengine. Kwa hiyo inawezekana kabisa halmashauri imevunja wajibu wake na wewe umetenda kosa, kwa kiroba hicho hicho. Kosa lake halifuti lako, ingawa mbele ya hakimu lingekupa cha kusema.

Kuhusu faini ya papo kwa papo: hiyo ni kufifilisha kosa. Maana yake unakiri, unalipa, yameisha. Usipokiri hawawezi kukulazimisha kulipa pale getini, inabidi wakupeleke mahakamani wakathibitishe. Na kabla ya yote uliza umeshtakiwa kwa sheria ndogo ipi, imetangazwa kwenye Gazeti la Serikali namba ngapi. Sheria ndogo ambayo haijaidhinishwa na waziri na kutangazwa ni makaratasi tu.

#5 Kibaraza Chekundu

Asante dada wakili. Kwenye karatasi hakuna namba ya gazeti wala jina la sheria. Kuna kiasi, mhuri na sahihi kama nyoka.

#6 Jicho la Paka

Mhuri ndiyo sheria ndogo yenyewe hiyo.

#7 Mtendaji Mstaafu

Nimekuwa mtendaji wa kata miaka mingi, nimestaafu kwa amani. Naomba nisiliwe nyama.

Mnaisema halmashauri kama vile ina kisima cha hela inakificha. Angalieni kilichotokea. Kodi ya majengo, ambayo ndiyo ilikuwa uti wa mgongo wa mapato ya miji, ilihamishiwa Mamlaka ya Mapato (TRA) mwaka 2016, na tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Barabara za mitaa na mifereji yake zikaenda kwa wakala wa barabara, TARURA, mwaka 2017. Maji vijijini yakaenda kwa wakala mwingine, RUWASA, kwa sheria ya 2019. Asilimia kumi ya mapato ya ndani ni lazima yaende kwenye mikopo ya wanawake, vijana na wenye ulemavu, nne nne mbili, hiyo nayo ni sheria. Ukitoa posho za madiwani na mafuta ya magari, kinachobaki ndicho mnataka kiendeshe malori ya taka.

Mtaro ukiziba anatukanwa mwenyekiti wa mtaa. Maji yakikatika, mtendaji. Kazi zilihamishwa, matusi yakabaki kwetu.

#8 Guta Namba Tisa

Mzee kaweka posho za madiwani katikati pale taratibu kama chumvi.

#9 Kalamu Kavu

Mtendaji Mstaafu, hoja yako ina mashiko kwenye barabara na maji, ila taka hazijahamishwa. Taka bado za halmashauri. Na ada ya taka inakusanywa na halmashauri yenyewe au wakala wake, TRA hawaigusi. Kwa hiyo kwenye kesi ya Kibaraza huwezi kukimbilia LUKU.

#10 Mtendaji Mstaafu

Kalamu, umewahi kuona hesabu ya lori la taka? Dizeli, matairi, vibarua, tozo za dampo, dampo lenyewe liko mwisho wa dunia. Elfu tatu ya kaya haifiki. Wakati wote ilikuwa inafidiwa na mapato mengine. Ukiondoa fidia, lori linasimama. Sisemi ni halali, nasema ndivyo inavyokuwa.

#11 Mama Wawili

Naomba niseme la upande wetu wananchi. Mimi ni mjumbe wa kamati ya usafi mtaani. Nikipita na daftari, nusu ya nyumba wanajificha. Mtu anatuma mtoto: "Mwambie mama hayupo," na sauti ya mama naisikia. Wale wale wasiolipa ndio viroba vyao vinaamkia kwenye geti la mwenzao. Kibaraza, una uhakika vile viroba vyote ni vyako?

#12 Kibaraza Chekundu

Vya kwangu ni vile vyenye fundo mbili. Vingine vimekuja usiku kutalii.

#13 Zamani Hizo

Vijana, haya mambo hayakuanza jana. Mwaka 1972 serikali ilivunja halmashauri, ikaja na madaraka mikoani. Nia ilikuwa njema, watendaji wa serikali kuu waende karibu na wananchi. Kilichotokea mijini ni kwamba hakukuwa na mwenye mji. Mifereji ikaota majani, taka zikalala barabarani, kipindupindu kikaja. Ndipo 1978 halmashauri za miji zikarudishwa haraka haraka, kisha 1982 zikatungwa hizo sheria anazozitaja binti wakili. Kwa hiyo ukiniuliza kwa nini kuna halmashauri, nakujibu: kipindupindu.

#14 Kalamu Kavu

Shikamoo mzee. Nyongeza ndogo: 1972 zilizovunjwa ni halmashauri za wilaya vijijini, za miji zilifuata baadaye. Kurudi kwa za miji 1978 uko sawa.

#15 Zamani Hizo

Marahaba. Kwetu tuliziona zote zimeondoka na lori moja, lakini sawa, andika hivyo.

#16 Tofali la Pili

Mnazunguka. Dawa ni moja, aende mahakama ya mwanzo pale kata ya jirani, afungue shauri dhidi ya halmashauri, adai elfu tatu zake na fidia ya nzi. Kesi mbili tatu hivi wataamka.

#17 Wakili wa Kata

Tofali, mahakama ya mwanzo hapana. Marekebisho ya sheria namba 1 ya mwaka 2020 yaliingiza serikali za mitaa kwenye utaratibu wa mashauri dhidi ya Serikali, Sura ya 5. Sasa ili uishtaki halmashauri kwa madai unatoa notisi ya siku 90, kesi inafunguliwa Mahakama Kuu, na lazima umuunganishe Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Ukimsahau, shauri zima linaharibika. Zamani notisi kwa halmashauri ilikuwa siku 30 na madai madogo ungeyafungua mahakama za chini.

Na ukishinda, usifikiri utakamata gari la mkurugenzi ulipige mnada. Mali za Serikali hazikamatwi hivyo, unasubiri utaratibu wa malipo.

#18 Guta Namba Tisa

Mahakama Kuu na Mwanasheria Mkuu kwa ajili ya elfu tatu. Nauli tu imekula kesi.

#19 Jicho la Paka

Siku 90 viroba vimeshakuwa mbolea, unafungua shamba.

#20 Wakili wa Kata

Chekeni, ila kuna njia ambayo wananchi wa Dar waliitumia na wakashinda, mara mbili, kabla wengi humu hamjazaliwa.

Mwaka 1988 wakazi wa Tabata waliishtaki Halmashauri ya Jiji kwa kumwaga taka kwenye makazi yao na kuzichoma, moshi mchana na usiku. Wakashinda, Jiji likaamriwa kuacha. Jiji likarudi kuomba muda, likapewa, likarudi tena. Mwisho likakutana na Jaji Lugakingira. Akasema hajawahi kusikia mamlaka ya umma ikija mahakamani kwa kujiamini kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu. Akagusa na Ibara ya 14 ya Katiba, haki ya kuishi. Hapo dampo la Tabata likafa.

Jiji likafanya nini? Likahamishia taka Kunduchi Mtongani. Wakazi karibu 800 wa huko nao wakaenda Mahakama Kuu, shauri namba 90 la 1991. Hawakuomba fidia. Waliomba amri tatu: kufuta uamuzi wa kuweka dampo pale, kuzuia kuendelea kumwaga, na kulilazimisha Jiji litekeleze kazi yake kama sheria ya 1982 inavyotaka. Wakapewa. Hiyo amri ya tatu ndiyo inayojibu swali la mwanzo wa uzi. Mahakama isingeweza kulazimisha hisani.

Njia hiyo bado ipo. Inaitwa mapitio ya mahakama, unaomba kibali kwanza. Haihitaji uthibitishe hasara ya shilingi ngapi.

#21 Kokoto

Na baada ya Kunduchi zikaenda Vingunguti. Baada ya Vingunguti, Mtoni. Sasa Pugu Kinyamwezi. Dada wakili, hizo kesi zilishinda au zilihamisha taka kutoka kwa waliojua kushtaki kwenda kwa wasiojua?

#22 Mama Wawili

Kokoto leo umeamkia upande mzuri.

#23 Wakili wa Kata

Kokoto, ni hoja nzito na sitaikwepa. Jaji anaamua shauri lililo mbele yake. Alisema "siyo pale," na alisema "fanyeni kazi yenu." Kuchagua eneo, kujenga dampo lenye utaalamu, kutenga bajeti, hayo hawezi kuyafanya kwa hukumu. Lakini bila kesi ya Tabata moshi ungekuwa bado Tabata.

#24 Kokoto

Ungekuwa Tabata badala ya Kunduchi. Jumla ya moshi ni ile ile.

Mimi nasema wajibu wa kisheria bila fungu la fedha ni mapambo. Bunge linatunga sheria linaipa halmashauri kazi kumi na fedha za kazi nne. Halafu tunashangaa. Mahakama za wenzetu zimeliona hilo. Afrika Kusini mwaka 2009, kesi ya maji ya Soweto, Mahakama ya Katiba ilikataa kutaja lita ngapi kila mtu anastahili, ikasema sera ya jiji ya kilolita 6 za bure kwa kaya kwa mwezi inatosha kuwa ya busara. Yaani waamuzi wa kiasi ni walioshika bajeti.

#25 Kalamu Kavu

Kokoto umechagua kesi inayokufaa. Nenda India, kesi ya manispaa ya Ratlam, 1980. Mitaro ya kinyesi wazi, wakazi wakalalamika, manispaa ikajitetea haina fedha. Mahakama ya Juu ikasema ukata siyo utetezi kwa wajibu uliowekwa na sheria, jengeni mitaro na vyoo. Na huko huko Afrika Kusini, Desemba 2020, manispaa ya Kgetlengrivier ilishindwa kuendesha mitambo ya maji na majitaka, majitaka yakaingia mtoni. Mahakama Kuu ya Kaskazini Magharibi ikawaruhusu wakazi waingie waiendeshe mitambo wenyewe, na ikamwekea mkurugenzi wa manispaa kifungo cha siku 90 kilichoahirishwa endapo hatatekeleza.

#26 Guta Namba Tisa

SUBIRI. Mkurugenzi siku 90 ndani? Huku siku 90 ni za notisi yetu sisi.

#27 Jicho la Paka

Guta leo umemaliza uzi. Mods fungeni.

#28 Mtendaji Mstaafu

Msichekelee kifungo cha mkurugenzi. Mkurugenzi wa huku anateuliwa na Rais, anaweza kuondolewa kesho asubuhi, hana uhakika hata wa kumaliza mwaka wa fedha. Mnamfunga kwa dampo alilolikuta. Diwani ndiye aliyechaguliwa, lakini diwani hamuajiri wala hamfukuzi mkurugenzi. Hapo ndipo wajibu unapopotelea: mwenye kura hana rungu, mwenye rungu hana kura.

#29 Tofali la Pili

Ndiyo maana nikasema ni siasa, siyo sheria.

#30 Kalamu Kavu

Tofali, saa mbili zilizopita ulisema mahakama ya mwanzo.

#31 Bonde la Ufa

Habarini za huko ndugu zetu. Naandika kutoka Kenya, nimekuwa nikiusoma huu uzi kimyakimya.

Hapa kwetu tangu Katiba ya 2010 jibu la swali la nani anahusika ni rahisi. Jedwali la Nne, sehemu ya pili: uzoaji taka na madampo ni kazi ya kaunti. Ibara ya 42 inatupa haki ya mazingira safi, na mtu yeyote anaweza kwenda kortini hata kama yeye mwenyewe hajaumia. Hakuna kubabaishana.

Sasa utekelezaji. Dandora, jaa kuu la taka la Nairobi, ilitangazwa imejaa mwaka 2001. Mwaka 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikaamuru lile jaa lihamishwe ndani ya miezi sita. Wakati huo huduma za Nairobi zilikuwa zimechukuliwa na serikali kuu kupitia idara yake ya NMS (Nairobi Metropolitan Services), iliyoanzishwa 2020 baada ya gavana kukabidhi kazi nne. Miezi sita ikapita, NMS nayo ikavunjwa 2022, kazi zikarudi kaunti. Dandora iko pale pale. Kwa hiyo katiba nzuri tunayo, na jaa tunalo.

#32 Kibaraza Chekundu

Karibu sana jirani. Kumbe tofauti yetu na nyie ni kwamba nyie mnajua wa kumlaumu.

#33 Bonde la Ufa

Hata hilo, wakati wa NMS tulikuwa tunalaumu wawili.

#34 Wakili wa Kata

Bonde, hilo la mtu yeyote kwenda kortini ni tofauti kubwa. Huku Ibara ya 26(2) ya Katiba inasema kila mtu ana haki ya kuchukua hatua za kisheria kuhakikisha hifadhi ya Katiba. Lakini marekebisho namba 3 ya 2020 kwenye Sheria ya Utekelezaji wa Haki za Msingi yanataka mlalamikaji aape kueleza jinsi yeye binafsi alivyoathirika. Kwa jirani wa dampo siyo tatizo, harufu ni ushahidi. Tatizo ni taasisi za utetezi ambazo zilizoea kufungua kesi kwa niaba ya wengi.

Mazingira yana nafuu yake. Sheria ya 2004 inampa kila mtu anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na inaruhusu kuidai.

Angalizo kwa mnaopenda kunakili vifungu: Toleo la 2023 la sheria zetu limeanza kutumika 1 Julai 2025, usitegemee namba za vifungu ulizozikariri zamani. Ndiyo maana hapa nataja sheria zaidi ya vifungu.

#35 Karafuu Mbichi

Na sisi wa Zanzibar? Huko kote Sura 287, 288, mmetuacha bandarini.

#36 Wakili wa Kata

Karafuu, nyie mna yenu, Sheria namba 7 ya mwaka 2014 ya mamlaka za serikali za mitaa. Mabaraza ya miji, manispaa na halmashauri yako humo.

#37 Karafuu Mbichi

Ahsante bibie. Taka lakini ni za aina moja, nimehakikisha.

#38 Mama Wawili

Hakuna aliyegusa mzabuni. Huku kwetu halmashauri haina lori hata moja la mtaa, kazi kapewa mkandarasi. Yeye anakusanya, anapeleka asilimia fulani, anazoa. Lori lake likiharibika anazima simu. Ukienda kwa mtendaji anasema "muulizeni mkandarasi," mkandarasi anasema "muulizeni halmashauri, hawajanilipa." Kisheria tunamshika nani hapo?

#39 Wakili wa Kata

Halmashauri. Unaweza kumpa mtu kazi yako akufanyie, wajibu wako hauhami naye. Mkataba ni kati yao wawili, wewe hukusaini.

#40 Kokoto

Sawa, ila mkandarasi naye ana kosa lake. Sheria inampa mkazi haki gani dhidi ya mkandarasi?

#41 Kalamu Kavu

Hapo ndipo linakuja suala la ada, na naona limepitwa. Kodi hulipii kitu maalumu, huwezi kusema nirudishieni kodi kwa sababu barabara ina shimo. Ada unalipia huduma iliyotajwa. Huduma isipotolewa, kwa akili ya kawaida hela irudi au isidaiwe mwezi ule. Mimi naamini Kibaraza ana haki ya kudai mwezi wake.

#42 Mtendaji Mstaafu

Haitakaa ifanye kazi. Hiyo ada kwenye sheria ndogo nyingi imeandikwa kama mchango wa usafi wa mji mzima, siyo bei ya kiroba chako. Inabeba kufagia barabara, soko, kuendesha dampo. Hata lori lisipofika kwako, mahali pengine lilifika. Ukiruhusu kila mtu akate mwezi wake, mwezi unaofuata hakuna lori kwa yeyote.

#43 Kalamu Kavu

Basi iiteni kodi, na muitoze kwa utaratibu wa kodi. Msichukue utamu wa ada bila deni lake.

#44 Wakili wa Kata

Nyote wawili mnategemea maneno ya sheria ndogo husika. Bila kuiona hatuwezi kusema. Kibaraza iombe nakala kwa mwanasheria wa halmashauri, ni waraka wa umma.

#45 Zamani Hizo

Kuna mlango mwingine hamjautaja. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Inapokea malalamiko ya utendaji mbovu wa mamlaka za umma, na hulipii. Enzi zetu ilikuwa Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, toka 1966. Mimi niliwahi kuandika barua enzi hizo kuhusu mfereji. Walijibu.

#46 Jicho la Paka

Mfereji ulitengenezwa, mzee?

#47 Zamani Hizo

Nimesema walijibu.

#48 Guta Namba Tisa

😂😂😂 Mzee hana mbambamba.

Wakuu nami nina langu. Juzi mvua imenyesha, jirani yangu akaona ndiyo nafasi, akatapisha choo. Mtaa mzima mafuriko ya kahawia. Huyu naye ni wajibu wa halmashauri au nimtoe meno mwenyewe?

#49 Mama Wawili

Huyo peleka kwa mwenyekiti usiku ule ule na picha. Kutapisha choo ni kosa, tena kubwa, hapo ndipo kipindupindu cha mzee Zamani kinapoanzia. Bwana afya ana nguvu zote kwa hilo.

#50 Tofali la Pili

Lakini gari la majitaka nalo linakuja? Ukilipigia unaambiwa laki na kitu, na barabara ya mtaa wenu haipitiki. Mtu wa kipato cha chini anafanyaje? Hapo halmashauri imemsukuma kwenye kosa.

#51 Kokoto

Barabara haipitiki ni TARURA. Majitaka kwa mjini ni mamlaka ya maji. Bwana afya ni halmashauri. Choo ni cha jirani. Guta, una washtakiwa wanne.

#52 Guta Namba Tisa

Na notisi nne za siku 90. Ngoja nihame.

#53 Kalamu Kavu

Kabla hamjahama, jambo moja la bure: kikao cha baraza la madiwani ni cha wazi, sheria inaruhusu mwananchi na mwandishi wa habari kuingia na kusikiliza. Taarifa za kata zinasomwa pale, taka, vyoo, kila kitu. Nendeni hata watu kumi mkae nyuma kimya, mtaona diwani wenu anavyobadilika sauti.

#54 Guta Namba Tisa

Chai inakuwepo?

#55 Mtendaji Mstaafu

Ipo, na sambusa. Ya wajumbe.